Mawe ya Mara na asili ya seli yenye kiini

Kokoto zinazopondwa kando ya barabara itokayo Bunda kwenda Musoma, mkoani Mara, zile zinazopimwa kwa ndoo na kuuzwa kwa wajenzi, ni za kale kuliko karibu kila kitu ambacho binadamu anaweza kukishika mkononi. Chukua moja, ipasue, utazame upande uliopasuka. Utaona chembe nyeupe au za waridi zenye nyuso bapa. Hiyo ni feldispa. Utaona vipande visivyo na rangi, vyenye mng'ao wa mafuta. Hiyo ni kwatsi. Kati yake kuna vidoa vyeusi vinavyometameta juani. Kitu cha nne hakionekani kwa macho: fuwele za zirkoni, ambazo nyingi hazifikii hata nusu milimita, na ndizo zinazojua umri wa jiwe zima.

Zirkoni inapoganda kutoka kwenye uji wa moto wa mwamba, huikubali urani ndani yake na kuikataa risasi. Baada ya hapo urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika. Ile ya aina ya 238 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka bilioni 4.47. Kwa hiyo risasi yoyote inayokutwa ndani ya fuwele imezaliwa humohumo, na anayeipima anapata umri. Kazi hiyo ilifanyika kwa mawe ya huku. Mwaka 2006 Shukrani Manya na Makenya Maboko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Japani, walichapisha umri wa miamba ya ukanda wa Musoma-Mara: volkano zake zililipuka miaka bilioni 2.67 hivi iliyopita, na granaiti iliyopenya kati yake ikafuata muda si mrefu, kwa hesabu za wanajiolojia. Mawe makubwa ya Balili pale Bunda, yale ya Mwitongo kule Butiama alikozikwa Mwalimu Nyerere, na yale yanayoingia majini Musoma, yote yamo katika bamba hilohilo la kale linaloitwa Kratoni ya Tanzania.

Watu wa Mara wanaufahamu ukanda huo kwa dhahabu yake. Buhemba na Kiabakari zilichimbwa tangu enzi za ukoloni, na North Mara inachimbwa hadi leo. Mimi nataka kuuzungumzia kwa sababu nyingine. Siku volkano hizo zilipokuwa zikimwaga uji wa moto baharini, dunia ilikuwa na uhai tayari, tena wa muda mrefu, lakini ulikuwa uhai wa bakteria na jamaa zao tu. Hakuna ushahidi unaosimama hadi leo kwamba wakati ule kulikuwa na hata seli moja yenye kiini, yaani seli ya aina inayomjenga mtu, sato, mhogo, kuvu na mbu.

Bahari yenyewe ilikuwa tofauti, na hilo tunalijua kutokana na chuma. Katika mikanda ya dhahabu inayozunguka Ziwa Victoria, hasa Geita, kuna mwamba wa mistari: mstari mwekundu au mweusi wenye chuma, mstari wa jiwe gumu la silika, tena chuma, tena silika, mingine myembamba kiasi cha kuhesabika kwa kucha. Wachimbaji huufuata kwa sababu dhahabu hupenda kuganda humo. Kwa mwanakemia mwamba huo una habari kubwa. Chuma kikikutana na oksijeni majini hushika kutu na kuzama. Hakiwezi kusambaa bahari nzima. Ili chuma kiyeyuke na kujaa baharini, kisha kizame tabaka kwa tabaka namna ile, ni lazima maji yale yalikosa oksijeni. Hewa nayo ilikuwa hivyohivyo. Oksijeni ilianza kukaa katika hewa ya dunia kati ya miaka bilioni 2.4 na 2.3 iliyopita, wakati granaiti ya Musoma ilikuwa imeshapoa kwa zaidi ya miaka milioni mia mbili.

Walioileta oksijeni hiyo wapo mpaka leo, na mkazi wa Musoma anawaona kila maji ya ghubani yanapogeuka kijani kizito na kutoa harufu. Wengi husema ni mwani. Sehemu kubwa ya utando ule ni saianobakteria, bakteria wanaotengeneza chakula kwa jua na kutoa oksijeni. Mwaka 2005 Benedicta Sekadende, Thomas Lyimo na Rainer Kurmayer walichapisha utafiti wao wa Ghuba ya Mwanza ulioonyesha kwamba baadhi yao hutoa sumu ya maikrosistini, inayodhuru ini. Hiyo ni habari ya afya ya watu wa ziwani na inastahili makala yake. Hapa nataka jambo moja tu: chota ndoo moja ya maji yale uyapeleke kwenye hadubini, utaona pande mbili kuu za uhai zikiogelea pamoja. Saianobakteria hawana kiini. Vinasaba vyao vimelala tu ndani ya seli. Pembeni yao kuna daiatomu na mwani wa kijani halisi, ambao vinasaba vyao vimefungiwa ndani ya kiini chenye utando, na wenye mitokondria zinazozalisha nguvu na kloroplasti zinazokamata mwanga.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile iliyopo kati ya mtu na mti. Bakteria wa kawaida ana urefu wa maikromita moja au mbili, yaani sehemu moja au mbili kati ya elfu za milimita. Seli yenye kiini mara nyingi hufikia maikromita kumi hadi mia. Ina mifupa yake ya ndani ya protini, ina njia za kusafirishia vitu, ina uwezo wa kumeza seli nyingine nzima. Mnyama, mmea na kuvu wote wamejengwa kwa seli hizo, na hata kimelea cha malaria ni cha ukoo huo. Kimelea hicho kina kitu cha ajabu: ndani yake kuna mabaki ya kloroplasti kiliyorithi kutoka kwa babu aliyekuwa mwani, ingawa hakitumii jua kwa lolote. Dawa ya doksisaiklini, iliyotengenezwa kupambana na bakteria, hukiangusha kwa kuharibu mabaki hayo, kwa kuwa asili yake ni bakteria.

Hapo ndipo kilipo kiini cha hadithi nzima. Mwaka 1967 Mmarekani Lynn Margulis, wakati huo akiandika kwa jina la Lynn Sagan, alichapisha hoja kwamba mitokondria na kloroplasti zilikuwa bakteria huru walioingia ndani ya seli nyingine na kubaki humo. Majarida mengi yalikuwa yameikataa makala yake. Leo hakuna mwanabaiolojia makini anayeipinga. Mitokondria ina utando mara mbili na vinasaba vyake yenyewe vilivyojikunja kwa duara kama vya bakteria. Za binadamu zina herufi 16,569, tunazorithi kwa mama. Ni mpangaji aliyeingia na virago vyake, akakaa mpaka nyumba haiwezi kusimama bila yeye.

Mwenye nyumba alikuwa nani? Jibu lilianza kuonekana mwaka 2015, pale vinasaba vilivyokusanywa kwenye matope ya bahari kati ya Norway na Greenland vilipofichua kundi la arkea, viumbe wadogo wasio na kiini, ambao hata hivyo wana vinasaba vingi vilivyodhaniwa kuwa ni vya seli changamano peke yake. Wajapani, wakiongozwa na Hiroyuki Imachi, walichukua tope la bahari kuu mwaka 2006 na kumlea mmoja wa jamaa hao maabara kwa miaka 12 kabla ya kutangaza matokeo mwaka 2020. Kiumbe huyo hugawanyika mara moja kwa wiki mbili au zaidi, na akikua hutoa mikono mirefu myembamba inayoweza kuzungukana na majirani zake. Uvumilivu wa watu wale ninauheshimu kuliko tuzo yoyote.

Lakini viumbe hai wanatuambia nani alikutana na nani, hawatuambii lini. Kwa swali la lini inabidi kurudi kwenye mawe, na hapo Mara ina jambo la pekee.

Juu ya miamba ya kale niliyoieleza, upande wa mashariki wa mkoa kuelekea Serengeti, imelala miamba mingine inayoitwa Kundi la Ikorongo: kokoto zilizoshikana, mawe ya mchanga, na miamba ya tope inayopasuka kwa mabamba. Mwaka 2008 Charles Kasanzu, Maboko na Manya walichapisha kemia ya miamba hiyo ya tope na kuonyesha kwamba udongo wake ulitokana na kumomonyoka kwa miamba ya kale ya eneo hilohilo. Yaani granaiti na volkano zilizeeka, zikasagwa na mvua na mito, zikawa tope, tope likawa jiwe tena. Ikorongo ni ya zama zilizoanza miaka bilioni moja iliyopita na kwisha miaka milioni 540 hivi iliyopita. Kati ya jiwe la chini na jiwe la juu yake hakuna kilichobaki. Mahali miamba hiyo miwili inapokutana, kidole kimoja kinaziba zaidi ya miaka bilioni moja na nusu. Na seli yenye kiini ilizaliwa ndani ya pengo hilo.

Kwa hiyo ushahidi wa kuzaliwa kwake lazima utafutwe kwenye nchi zilizobahatika kuhifadhi miamba ya katikati, na watafutaji wana mashahidi wawili: umbo na molekuli.

Shahidi wa umbo anapatikana kwa kazi chafu na ya hatari. Unachukua jiwe la tope, unaliyeyusha kwa asidi ya haidrofloriki, asidi inayokula kioo na kupenya hadi kwenye mfupa wa mtu. Karibu madini yote yanayeyuka. Kinachobaki ni vumbi la kahawia au jeusi la kaboni, na ndani ya vumbi hilo, ukibahatika, kuna vifuko vya duara visivyofika milimita moja: ngozi za seli zilizokufa zikazama topeni, bapa sasa, zimekunjamana. Swali linalofuata ndilo gumu. Utajuaje kama kifuko hicho kilikuwa seli yenye kiini na si bakteria mkubwa? Ukubwa peke yake hautoshi, maana wapo bakteria wakubwa. Wataalamu hutafuta mambo yanayokuja pamoja: ukubwa, ukuta wenye nakshi au miiba, matawi yanayochipuka upande huu na upande ule kwa namna inayohitaji mifupa ya ndani ya seli. Kisukuku kinachoitwa Tappania, kilichopatikana China, India na Australia na kwingineko, kina matawi ya namna hiyo, na kina umri wa karibu miaka bilioni moja na nusu. Mwaka 2024 watafiti wa China walitangaza nyuzi za seli nyingi zilizopangana, Qingshania, kutoka miamba ya miaka bilioni 1.63. Na kule Aktiki ya Kanada kuna Bangiomorpha, mwani mwekundu wa miaka bilioni 1.05 hivi, ambaye seli zake zimepangwa sawasawa na za mwani wa jamii ya Bangia anayeishi leo hata mwanafunzi anaweza kuwalinganisha.

Shahidi wa pili ni molekuli, na kisa chake kina funzo kubwa kuhusu uaminifu katika sayansi.

Seli zenye kiini huimarisha utando wao kwa mafuta ya aina ya steroli. Kolesteroli, ile tunayopimwa hospitalini, ni mojawapo. Kutengeneza molekuli moja ya kolesteroli huhitaji molekuli 11 za oksijeni, kwa hiyo mahali penye steroli palikuwa na oksijeni angalau kidogo. Seli ikifa na kuzikwa, steroli hupoteza oksijeni yake na kubaki mifupa ya kaboni inayoitwa sterani, inayoweza kudumu miaka bilioni ndani ya jiwe au ndani ya mafuta ya petroli. Mwaka 1999 Jochen Brocks na wenzake walitangaza katika jarida la Science kwamba wamepata sterani kwenye miamba ya Pilbara, Australia Magharibi, yenye umri wa miaka bilioni 2.7. Huo ni umri wa miamba ya Musoma! Kama ingekuwa kweli, basi seli zenye kiini zingekuwapo siku volkano za Mara zinalipuka, na pengo nililolieleza lisingekuwa na maana yoyote. Vitabu viliandikwa upya.

Kisha mashaka yakaanza. Mwaka 2008 utafiti mwingine, na Brocks mwenyewe akiwa mmoja wa waandishi wake, ulionyesha kwamba kaboni ya mafuta yale haifanani na kaboni iliyoganda ndani ya jiwe. Mafuta yale yaliingia baadaye. Mwaka 2015 Katherine French na wenzake wakachapisha matokeo ya kisima kilichochorongwa Pilbara kwa usafi wa hali ya juu, kila chombo kikiwa kimesafishwa mafuta, sampuli zikigawanywa kwa maabara tofauti. Sterani hazikuonekana. Zile za 1999 zilikuwa uchafu. Mashine ya kuchoronga ina grisi, mfuko wa plastiki una mafuta, mkono wa mtu una mafuta, na jiwe la kale lina mafuta yake kidogo mno hivi kwamba tone la nje linatosha kulifunika. Brocks hakukaa kimya kulinda jina lake. Alishiriki kuliangusha dai lililompa umaarufu akiwa kijana, kisha akaendelea na kazi.

Mwaka 2023, akiwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, yeye na Benjamin Nettersheim walichapisha katika Nature jambo jipya. Konrad Bloch, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1964 kwa kueleza jinsi mwili unavyotengeneza kolesteroli, aliwahi kufikiri kwamba hatua za katikati za safari hiyo ya kikemia zilikuwa, zamani sana, ndizo mwisho wa safari. Viumbe wa kale wangekuwa na steroli za kizamani zisizokamilika. Kila mtu alikuwa akitafuta mabaki ya steroli za kisasa. Brocks na mwenzake walizipasha joto maabara zile za katikati, wakaona zinageuka kuwa nini zikizikwa, kisha wakaenda kuzitafuta. Zilikuwamo, tele, kwenye miamba ya Australia Kaskazini yenye miaka bilioni 1.64, na ziliendelea kuonekana kwenye miamba ya sehemu nyingi hadi miaka milioni 800 iliyopita. Kwa hesabu hiyo, mababu wa kale wa seli changamano walijaa majini kwa muda mrefu sana kabla ya aina za kisasa kuwarithi. Umbo na molekuli sasa vinakaribiana: 1.63 kwa visukuku, 1.64 kwa mafuta.

Baadhi ya ushahidi mzuri wa baadaye umetoka kwa jirani zetu. Wasomaji wa Muscat na Salalah wajue kwamba mafuta ya miamba ya bonde la chumvi la kusini mwa Oman yalitoa mwaka 2009 sterani ya pekee, iliyohesabiwa na Gordon Love na wenzake kuwa ni alama ya sifongo wa bahari waliokuwapo zaidi ya miaka milioni 635 iliyopita. Wengine wanabisha kwamba molekuli hiyo inaweza kutokana na viumbe wa seli moja, na ubishi haujaisha.

Ushahidi unaonigusa zaidi ya wote uko Kongo. Mbuji-Mayi, Kasai, inajulikana kwa almasi. Enzi za ukoloni wachorongaji walitoboa ardhi ya huko wakitafuta mali, wakatoa sampuli za mviringo za mwamba kutoka kina kirefu. Sampuli hizo zilipangwa kwenye masanduku, zikapelekwa Makumbusho ya Afrika ya Kati kule Tervuren, Ubelgiji, na kukaa humo miongo mingi. Ndani yake kuna tope la bahari ya kina kifupi lenye umri wa miaka bilioni moja hivi, ambalo halikupikwa sana na joto la ardhi. Mwaka 2016 Blaise Baludikay, Emmanuelle Javaux wa Chuo Kikuu cha Liège na wenzao walichapisha orodha ndefu ya visukuku vidogo vilivyotoka humo, vimehifadhiwa vizuri ajabu. Mmoja wao ni Arctacellularia, mnyororo wa seli zilizounganishwa, na ndani ya kila seli kuna kidoa cheusi.

Kidoa hicho ni nini? Kiini? Mabaki tu ya uteute uliokauka? Kwa miaka mingi hoja za namna hiyo ziliishia kwenye mabishano, kwa sababu seli yoyote ikifa na kukauka hubaki na donge katikati. Marie Catherine Sforna, Javaux na wenzao waliviweka visukuku hivyo mbele ya mionzi ya eksirei ya sinkrotroni, mtambo unaokimbiza elektroni kwa kasi kubwa hadi zitoe mwanga wenye nguvu wa kupenya ndani ya chembe moja. Ndani ya vidoa wakakuta nikeli, imeshikwa katikati ya pete ya kaboni na nitrojeni. Pete hiyo ni mifupa ya klorofili. Jani linapokuwa hai pete hubeba magnesi. Likizikwa, magnesi hutoka na nikeli ya topeni huchukua nafasi yake. Nikeli ilikuwa pale pale penye kidoa, ikakosekana kwenye kuta za seli. Januari 2022 walitangaza katika Nature Communications: huyu ni mwani mwenye seli changamano, aliyekamata jua la Kongo miaka bilioni moja iliyopita.

Nimelisoma jambo hilo mara nyingi na bado linanishangaza. Hapo umbo na molekuli vimekutwa ndani ya seli ileile, mahali ambapo grisi ya mashine haiwezi kufika na kuigiza. Klorofili ile ilitoka kwa mpangaji, saianobakteria wa kale aliyemezwa na kufanywa kloroplasti, ndugu wa mbali wa utando wa kijani unaowasumbua wavuvi wa Musoma. Linaniuma pia kwamba Mkongo anayetaka kuligusa jiwe hilo la kwao lazima aombe viza ya Ubelgiji.

Gabon nayo ina miamba ya Franceville ya miaka bilioni 2.1, ambamo mwaka 2010 Abderrazak El Albani na wenzake walitangaza maumbo ya sentimita kadhaa waliyoyaita viumbe wa seli nyingi. Wapo wanaoamini, na wapo wanaosema ni madini yaliyoganda kwa umbo la kuvutia. Mimi nasubiri; baada ya kisa cha Pilbara, dai la umri huo linahitaji shahidi zaidi ya mmoja.

Turudi kwetu. Tope la Mbuji-Mayi lina miaka bilioni moja, na tope la Ikorongo ni la zama zilizofuata mara baada ya hapo. Kipindi hicho ndicho mwani wa kijani na mwekundu walienea, ndicho dunia iliganda barafu hata karibu na ikweta, na mwishoni mwake wanyama wa kwanza wakatokea. Mwaka 2017 Brocks alionyesha kwa sterani kwamba mwani ulishika bahari kati ya miaka milioni 659 na 645 iliyopita, katikati ya vipindi viwili vya barafu. Miamba ya Ikorongo imepimwa kemia yake ili kujua udongo ulitoka wapi. Sehemu zake zilizo mbali na joto la mkanda wa Msumbiji, ile miamba iliyopikwa ardhini upande wa mashariki, zenye tope laini la rangi nyeusi au kijivu, zinastahili pia kuyeyushwa kwa asidi na kutazamwa kwa hadubini. Huenda kukawa hamna kitu, kwa kuwa miamba mingi haina. Lakini Mbuji-Mayi nako wachorongaji walikuwa wakitafuta mali, hawakuwa na habari na mwani.

Shida ni kwamba mwamba wa tope hauna dhahabu, na katika nchi yetu mwamba usio na dhahabu huitwa kifusi. Kampuni inachoronga mita mia tatu, inapeleka maabara sehemu yenye mshipa, na masanduku yaliyobaki yanapigwa jua na mvua mpaka maandishi yanafutika na mchwa wanakula mbao. Jiwe lililotolewa kina kirefu, ambalo halijaguswa na hewa wala mizizi, ndilo hasa mtafiti wa molekuli analolihitaji. Lile la juu ya ardhi limeshachafuliwa na majani na bakteria wa jana. Gharama ya kulitoa imeshalipwa na mchimbaji. Kinachohitajika ni banda lenye paa, rafu, daftari na mtu anayejua kuandika kina na mahali.

Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, yaani GST pale Dodoma, iko mahali pazuri pa kusimamia hilo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina watu waliokwishaonyesha kwamba wanayajua mawe ya Mara kuliko mgeni yeyote. Butiama sasa kuna chuo kikuu kinachobeba jina la Mwalimu, umbali mfupi tu kutoka kwenye miamba yenyewe. Ni cha kilimo na teknolojia, na kilimo ni elimu ya seli zenye kiini tangu mbegu hadi kutu ya mahindi. Wanafunzi wake wanaweza kuwa na sampuli za Ikorongo kabatini mwao. Shule za sekondari za Bunda na Musoma zinafundisha mitokondria kwa picha ya ubaoni, wakati ndoo moja ya maji ya ziwa na hadubini ya kawaida ya shule vinatosha kuonyesha seli yenye kiini na isiyo nacho zikiwa ubavu kwa ubavu.

Ombi langu kwa kampuni zinazochoronga Mara, na kwa ofisi za madini zinazozipa leseni, ni hili: msiyatupe masanduku ya tope. Yaandikeni, yafunikeni, na myaweke hapa nchini.